Vidonge vya goti lako si vya mbwa wako

Ikiwa nyumbani mwako kuna mbwa mdogo ambaye akikimbia huinua mguu mmoja wa nyuma, akaruka kwa mitatu iliyosalia hatua mbili au tatu, kisha akautikisa ule mmoja na kuendelea na mbio zake kana kwamba hapakuwa na lolote, huenda umekuwa ukicheka. Watoto nao hucheka na kusema mbwa wao anajua sarakasi. Msomaji, hiyo si sarakasi. Yamkini pia ya goti la mbwa huyo imekuwa ikiteguka na kurudi mahali pake, na jambo hilo likipuuzwa huweza kumfanya kiguru kabla hajafika umri wa makamo.

Pengine unashangaa daktari wa watu ana lipi la kusema kuhusu magoti ya mbwa. Madaktari wa mifugo wapo, na wao ndio wenye kauli ya mwisho juu ya suala hili. Lakini sisi tunaotibu watu tumeingizwa katika mkasa huu pasipo kupenda. Haupiti muda mrefu kabla sijaulizwa na mgonjwa, akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango, kama dawa niliyomwandikia ya goti lake yaweza kumfaa pia mbwa wake anayechechemea. Huyo angalau ameuliza. Wengi hawaulizi, hufika nyumbani wakavunja kidonge nusu, wakakifumba ndani ya kipande cha nyama, na kulala wakiamini wametenda wema. Nitalirudia jambo hilo, kwani ndilo lililonifanya niandike, lakini kwanza tuelewane kuhusu goti lenyewe.

Goti la mbwa limeumbwa karibu sawa na letu. Mbele yake pana kifupa kidogo kinachoitwa pia ya goti, au kilegesambwa kama kamusi zetu zinavyokiita. (Waliobuni neno hilo walimtia mbwa ndani yake, na mimi hulikumbuka kila nionapo mbwa akienda chopi.) Kifupa hicho kimeshikwa na kano nene inayotoka kwenye misuli ya paja na kuishia juu ya mfupa wa muundi. Mguu unapokunjwa na kunyooshwa, pia hupanda na kushuka ndani ya mfereji ulio mwishoni mwa mfupa wa paja, mithili ya kamba kwenye gurudumu la kisima. Mfereji ukiwa na kina cha kutosha na mifupa ikiwa imenyooka, kamba haitoki. Mfereji ukiwa mfupi, au kano ikiwa imejishikiza upande badala ya katikati, pia huchupa nje na mguu hukwama.

Kwa binadamu pia ya goti aghalabu huteguka kuelekea nje, na mara nyingi ni kijana aliyejipinda uwanjani akicheza kandanda au mpira wa vikapu. Kwa mbwa wadogo mambo ni kinyume: pia huenda upande wa ndani, na kwa kawaida hapakuwa na ajali yoyote. Mbwa huyo alizaliwa na maumbile ambayo, kadiri alivyokua, yaliipindua mifupa polepole hadi kamba ikatoka kwenye gurudumu. Tena mara nyingi ni miguu yote miwili, ila mmoja umezidi mwingine. Wenye mbwa hupenda kuniambia kwamba aliumia aliporuka kutoka kwenye kochi. Kochi limesingiziwa. Lilifichua tu lililokuwapo.

Madaktari wa mifugo huugawa ugonjwa huu katika daraja nne. Katika daraja la kwanza pia hutoka tu daktari anapoisukuma kwa kidole, na akiiachilia hurudi yenyewe. Mwenye mbwa hana habari kabisa. Daraja la pili ni yule mwanasarakasi wetu: pia hutoka yenyewe mara kwa mara na kurudi mguu unaponyooshwa. Katika daraja la tatu pia hukaa nje muda mwingi, na hata ikirudishwa kwa mkono hutoka tena. La nne ni la kusikitisha. Pia imekwama nje na hairudishiki, na mbwa hutembea akiwa amechutama, magoti yamekunjika, miguu ina matege.

Mbona basi mbwa huyo halii? Hili ndilo swali linalowapoteza wengi. Mbwa hulia anapokanyagwa, lakini maumivu yanayokuja kidogo kidogo huyanyamazia. Utayajua kwa mambo mengine. Hataki tena kupanda ngazi, au husita kabla ya kuruka garini. Anaramba goti. Paja la mguu mmoja limekonda kuliko la pili. Mtoto akimbeba, yeye ambaye hakuwa mkali, anamng'ata. Na ndani ya goti gegedu linalofunika mifupa linazidi kukwaruzwa kila pia inapotoka na kurudi, mpaka kiungo kinachakaa na kuwa kama cha mzee wa miaka sabini. Isitoshe, goti lililopinda huielemea kano ya msalaba iliyo ndani yake, ile ile ambayo wachezaji wa kandanda huikata wakakaa nje ya uwanja miezi mingi. Mbwa mwenye pia inayoteguka ambaye ghafla anakataa kabisa kuukanyagia mguu yafaa apimwe kwa haraka, kwani huenda kano hiyo imekatika.

Sasa nifike penye uchungu. Maradhi haya huwapata hasa mbwa wa aina ndogo: Chihuahua, Pomeranian, Yorkshire Terrier, Maltese, Poodle wale wadogo. Hawa ndio ambao siku hizi wamejaa katika nyumba za ghorofa jijini Nairobi, kwa kuwa hawahitaji uwanja na wenye nyumba huwavumilia. Si kosa la mtu kumpenda mbwa mdogo. Kosa, kwa maoni yangu, liko katika jinsi wanavyozalishwa na kuuzwa. Mtu ana jike moja zuri wa manyoya, anatafuta dume aliye mdogo zaidi ili watoto wawe wadogo zaidi na bei iwe kubwa zaidi, na hakuna aliyewahi kuyashika magoti ya mzazi yeyote. Watoto hao huuzwa kwa picha kwenye simu, au hupungwa dirishani mwa gari wakati wa msongamano barabarani. Katika umri wa majuma manane mtoto wa mbwa anaweza kuonekana hana dosari. Kuchechemea huanza wakati muuzaji ameshabadilisha nambari ya simu.

Ukitaka kununua, basi, usimtazame mtoto peke yake. Omba umwone mama yake, na baba ikiwezekana, tena uwaone wakitembea na kukimbia, si wakiwa wamepakatwa. Uliza kama daktari wa mifugo amewahi kuyapima magoti yao, na kama jibu ni ndiyo, uonyeshwe karatasi. Huko Marekani liko shirika la OFA, lililoanzishwa mwaka wa 1966, ambalo huhifadhi kumbukumbu za vipimo vya namna hiyo, na haliwezi kutoa cheti cha magoti kwa mbwa ambaye hajatimiza miezi 12. Hapa kwetu hakuna haja ya kusubiri shirika. Kupima pia ya goti hakuhitaji mtambo wowote. Ni mikono ya daktari na dakika chache. Mfugaji anayekataa hata hilo anakuambia jambo, nawe msikie.

Na wewe ambaye tayari unaye mbwa wa daraja la pili au la tatu, usimzalishe. Najua atakuwa na watoto wazuri. Najua jirani amekwisha kuagiza mmoja. Usimzalishe hata hivyo.

Wenye mbwa wakubwa wasidhani wamesalimika. German Shepherd na Rottweiler wanaolinda maboma yetu, wale ambao lango huwatangaza kwa maandishi ya Mbwa Kali, hawasumbuliwi sana na pia ya goti. Tatizo lao ni nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa ndani ya kikombe chake, kiungo kinalegea, na kufikia umri wa kati mlinzi wako anaamka asubuhi kama mtu mwenye baridi yabisi. Hili nalo hurithiwa, lakini chakula huchangia sana. Huwa naona watu wakimshindilia mtoto wa mbwa mkubwa chakula ili anenepe upesi, na juu yake wanamwongezea vidonge vya madini ya chokaa. Kwa mbwa wa aina kubwa anayekua, chokaa ya ziada huharibu mifupa badala ya kuiimarisha. Kwa upande mwingine kuna mbwa anayelishwa ugali mtupu, au nyama tupu isiyo na mfupa, akakosa hiyo chokaa na mifupa yake ikawa laini. Muulize daktari wa mifugo kuhusu lishe kabla mtoto wa mbwa hajafika miezi minne. Baadaye utakuwa unarekebisha nyumba iliyokwisha kuezekwa.

Kuhusu unene nina ushahidi ambao hunifurahisha kila ninapoutaja, kwa sababu ungefaa hata kwa wagonjwa wangu wa miguu miwili. Mwaka wa 2002 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mbwa 48 aina ya Labrador, waliofuatwa maisha yao yote. Walipangwa wawili wawili, mmoja akila asilimia 25 pungufu ya chakula cha mwenzake. Wale waliopunguziwa waliishi miaka 13 kwa wastani wa kati, wenzao 11.2. Tena nyonga zao zilichelewa sana kuchakaa. Hakuna dawa iliyo katika kabati langu inayoweza kujigamba hivyo. Pitisha mikono kwenye mbavu za mbwa wako: ikiwa huzisikii bila ya kubonyeza, amenenepa, na kila kipande cha chapati anachorushiwa chini ya meza kinalielemea goti lake.

Matibabu yenyewe yanategemea daraja. Mbwa wa daraja la kwanza, na baadhi ya wale wa pili wasiochechemea mara nyingi, hawahitaji kisu. Wapunguze uzito, watembezwe kila siku kwa mwendo wa taratibu ili misuli ya paja ipate nguvu, wazuiwe kurukaruka, na sakafu ya vigae inayoteleza itandikwe mkeka au zulia pale wanapopita. Daraja la tatu na la nne, pamoja na mbwa wa daraja la pili anayeumia kila siku, hufanyiwa upasuaji: mfereji huongezwa kina, na ile sehemu ya mfupa wa muundi inayoshikilia kano hukatwa na kusogezwa ili kamba inyooke. Mtoto wa mbwa mwenye daraja la nne asicheleweshwe, kwani mifupa inayokua huzidi kupinda kila mwezi. Nairobi wako madaktari wa mifugo wanaoifanya kazi hii, na si mbali na jiji, huko Kabete, ndiko Chuo Kikuu cha Nairobi kinakowafunza wenzao. Hakikisha tu kwamba unayemwendea amesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo. Muuzaji wa dawa katika agroveti anaweza kuwa mtu mwema na mwenye uzoefu wa kupe na minyoo, lakini goti si kupe.

Upasuaji ni ghali, sikatai. Na kuna watakaoniuliza kama ni haki kutumia fedha hizo kwa mbwa katika nchi ambamo watu wanakosa nauli ya kufika hospitalini. Wagonjwa wa aina hiyo nawaona kila siku na sitawabeza. Simwambii mtu yeyote auze ng'ombe amtibu mbwa. Nasema kwamba gharama hiyo ilipaswa kufikiriwa siku ya kununua, wakati zilipotolewa maelfu ya shilingi kwa ajili ya manyoya. Na asiyeweza kulipia kisu bado anaweza kupunguza chakula na kutandika mkeka.

Jambo moja linahusu kazi yangu moja kwa moja. Ugonjwa wa goti au nyonga huja polepole. Mbwa ambaye jana alikuwa mzima na leo miguu ya nyuma imepooza, anatokwa na mate, sauti imebadilika, hawezi kumeza au amegeuka tabia, usimshike goti kumchunguza. Kichaa cha mbwa si lazima kimfanye mbwa akimbie akiuma watu. Kipo kinachomlaza chini akiwa kimya. Mfungie mahali, watoto wakae mbali, umwite daktari wa mifugo. Aliyeumwa au kurambwa kwenye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo kwa chanjo. Mwaka wa 2014 Kenya ilijiwekea mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na hautafaulu iwapo kila mbwa aliyepooza atadhaniwa ameteguka.

Nirudi kwenye vidonge. Watu wengi hufikiri kwamba dawa ni dawa, na tofauti ya mtu na mbwa ni ukubwa tu, kwa hivyo nusu kidonge yatosha. Hebu tupige hesabu. Mtu wa kilo 70 akimeza kidonge cha ibuprofeni cha miligramu 200 hupata kama miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili wake. Kidonge hicho hicho kwa mbwa wa kilo 3 ni zaidi ya miligramu 66 kwa kila kilo, na hata ukikigawa nusu bado anapata zaidi ya mara kumi ya kiasi ulichopata wewe. Lakini ubaya si ukubwa tu. Tumbo la mbwa na figo zake haziihimili dawa hii kama zetu. Hata kiasi kidogo kikitolewa kila siku kwa majuma kadhaa huweza kumtoboa tumbo. Mwenye mbwa huona nafuu siku ya kwanza, mbwa anakimbia, naye anaendelea. Siku ya tano mbwa anatapika na kinyesi ni cheusi kama lami. Hiyo ni damu.

Diklofenaki, kidonge kipendwacho na wenye migongo mibovu, kina hatari hiyo hiyo. Parasetamoli nayo huweza kuharibu ini la mbwa, na kwa paka hata kipande kidogo huua, kwa hivyo usijaribu kabisa. Wapo wanaosema: mbona daktari wa mifugo alimwandikia mbwa wangu meloksikamu, nami nina meloksikamu nyumbani? Ni kweli, jina ni moja. Ila mbwa wa kilo 3 anayeendelea na dawa hiyo hupewa karibu miligramu 0.3 kwa siku, na kidonge kidogo cha watu kina 7.5. Ni mara 25. Na kama mbwa yuko tayari kwenye prednisoloni kwa sababu ya ngozi au mzio, kumwongezea yoyote kati ya dawa hizi za maumivu ni kuyaita maafa, maana mbili hizo zikikutana tumboni hulichimba vidonda upesi.

Ndiyo sababu mimi humwambia mgonjwa hapana akiwa pale mlangoni, na ningependa madaktari wenzangu na wauzaji katika maduka ya dawa waseme vivyo hivyo bila ya kuona haya. Hatukusomea mbwa. Kumwonea huruma mwenye mbwa na kumkatia kipimo cha kubahatisha si msaada.

Na iwapo mbwa wako amekwisha kumeza, iwe ulimpa wewe au alitafuna pakiti iliyoachwa kando ya kitanda, usingoje dalili. Chukua pakiti, hesabu vidonge vilivyobaki, kumbuka saa, na umpigie daktari wa mifugo simu ukiwa njiani kwenda kwake, ukimweleza pia uzito wa mbwa. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, kwani chumvi yenyewe huweza kumuua. Maziwa na mafuta ya kupikia nayo hayazuii sumu. Akiwahiwa katika saa ya kwanza au ya pili, daktari anaweza kumtapisha kwa njia salama kabla dawa haijaingia damuni. Baada ya hapo kazi huwa ni ya kuokoa figo, na hiyo huchukua siku kadhaa za maji ya mshipani, wala si kila mbwa hutoka.